Kijiwe kimehamia kwenye figo, wakubwa wako semina

Ndugu msomaji, leo tuache kidogo habari za kura na ruzuku. Twende kijiweni. Sisemi kile cha chini ya mwembe mnapopiga soga na kunywa kahawa. Nasema kijiwe chenyewe hasa, jiwe dogo kuliko punje ya mhindi, lililoamua kufanya makao ndani ya mwili wa mwandishi huyu.

Lilinianza saa 8 usiku. Ubavu wa kushoto, karibu na mgongo, ulikazwa kama mtu anakamua nguo mbichi. Nikalala kifudifudi, haikusaidia. Nikasimama, nikachuchumaa, nikagaagaa sakafuni, wapi! Maumivu yakashuka hadi kwenye kinena na korodani. Nikatapika. Kisha yakapoa kama mvua ya Vuli, nikavuta pumzi, yakarudi tena kwa kishindo. Ewe kijana unayejiita mwanaume wa shoka, kama hujaonja hayo, punguza maneno.

Asubuhi nikapelekwa kwa wataalamu wa mtaani. Mzee wa dawa akasema ni ngiri. Muuza duka la dawa alipoona mkojo una damu akanitazama kwa jicho la pembeni, akaniuliza nilikuwa na nani wiki iliyopita, kisha akanipa vidonge vya kisonono. Ndivyo tunavyoishi mjini. Kijana akiugua sehemu hizo, jambo la kwanza ni kushitakiwa.

Kumbe lilikuwa jiwe. Figo huchuja damu na kutoa taka kwa njia ya mkojo. Maji yakipungua mwilini, chumvichumvi zilizomo kwenye mkojo huganda na kuwa jiwe. Likitulia ndani ya figo linaweza kunyamaza miaka. Balaa huanza linapodondoka kwenye mrija mwembamba unaopeleka mkojo kibofuni. Mrija hujikamua kulisukuma, mkojo hurudi nyuma, figo huvimba. Ndiyo sababu maumivu huja kwa mawimbi.

Wakubwa wa mji huu wanakula kuku kwa mrija. Sisi walalahoi mrija tulio nao ni huo wa mkojo, nao umezibwa na jiwe!

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kusubiri kuko kwa aina mbili. Kuna kusubiri ambako ni tiba, na kuna kusubiri ambako ni kutelekezwa. Mlalahoi huchanganyiwa yote mawili katika kikaratasi kimoja kilichoandikwa "njoo tarehe fulani".

Jiwe lisilozidi milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. Daktari akikwambia nenda nyumbani, kunywa dawa ya maumivu, kunywa maji, rudi tuangalie, hajakutupa. Hiyo ndiyo tiba. Lakini jiwe la milimita 10 ni nadra kutoka bila msaada, na hata dogo likikwama mrijani zaidi ya mwezi, kuendelea kusubiri ni kuichezea figo bahati nasibu.

Langu lilikuwa milimita 8. Niliambiwa nirudi baada ya wiki 2. Niliporudi, mashine ya kipimo ilikuwa mbovu. Niliporudi tena, daktari bingwa alikuwa semina. Mara ya tatu faili halikuonekana, na kijana mmoja wa pale akanong'ona kwamba mafaili huwa yanapatikana haraka yakipewa "chai". Hospitali yenyewe siitaji, maana nawe msomaji unayo ya kwenu inayofanana nayo.

Siku moja maumivu yakakoma. Nikashangilia, nikaenda kijiweni kutangaza ushindi. Nilipokwenda kufuta miadi, muuguzi mmoja mtu mzima akanisimamisha.

"Mwanangu, jiwe uliliona likitoka?"

"Hapana, mama. Ila siumwi tena."

"Basi hujapona. Kaa hapo kwenye benchi."

Kipimo cha altrasaundi kilionyesha figo imevimba kwa mkojo. Jiwe lilikuwa palepale. Maumivu yalikoma kwa sababu figo ilikuwa imechoka kupigana, na figo iliyozibwa namna hiyo inaweza kufa kimyakimya huku mwenyewe akicheza bao. Mwulize mgonjwa wa jiwe kama amepona, atakujibu kwa maumivu. Mwulize kwa kipimo ndipo utapata ukweli.

Nilitolewa jiwe kwa kamera nyembamba iliyopitishwa njia ya mkojo. Nani alilipa? Washikaji wa kijiweni. Dereva wa daladala, fundi viatu, muuza mitumba na wabeba zege wawili walipitisha kofia. Kijiwe cha mtaani kiliondoa kijiwe cha figo. Nawashukuru, lakini nauliza: je, hiyo ndiyo sera ya afya ya taifa? Na yule asiye na kijiwe afanyeje?

Tuzungumze siasa basi. Uchangiaji wa gharama za matibabu katika hospitali za serikali ulianza mwaka 1993. Wakasamehewa wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wasiojiweza, na hilo ni jambo jema. Lakini kijana wa miaka 25 anayesukuma mkokoteni hayumo popote. Yeye huhesabiwa kuwa ana nguvu. Nguvu gani, jamani, za mtu anayegaagaa sakafuni?

Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Wetu walikuwemo. Bajeti zetu zimekuwa zikiishia chini ya lengo hilo. Mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Makofi yakapigwa, meza zikagongwa. Tunachotaka ni kwamba sheria hiyo imfikie muuza karanga akiwa bado na figo mbili.

Na tusijidanganye kwamba teknolojia haijulikani. Kuvunja mawe ya figo kwa mawimbi, bila kisu, kulianza kutumika kwa binadamu mjini Munich, Ujerumani, mwaka 1980. Imepita miaka zaidi ya 40! Mashine hizo zipo nchini, lakini katika hospitali kubwa chache, na aliye mbali nazo hubaki na mizizi na maombi.

Novemba 2014 rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Simlaumu mgonjwa kwa kutibiwa. Tena aliporudi aliwaeleza wananchi ugonjwa wake na kuwahimiza wanaume wakapime, jambo la kiungwana. Ninachouliza ni kimoja tu: ugonjwa wa njia ya mkojo ukimpata mkubwa, ndege hupatikana. Ukimpata mbeba zege, faili hupotea. Kwa nini?

Wakati tukisubiri majibu, msomaji, jilinde. Ukibanwa, dawa ya maumivu aina ya diklofenaki husaidia sana, lakini usiinunue kiholela kama una vidonda vya tumbo au figo mbovu, wala usiichanganye na dawa nyingine za aina yake. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, ukaiweka ubavuni, hutuliza. Usijilazimishe kunywa ndoo nzima maumivu yakiwa yamepamba moto. Kojoa kwenye chujio au kitambaa ili jiwe likitoka ulione na lipimwe.

Lakini ukipata homa na kutetemeka, ukitapika mfululizo, mkojo ukikatika, au kama una figo moja tu, usikubali kikaratasi cha "njoo kesho". Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Sema hivyo kwa adabu, lakini usiondoke. Kama huna fedha, omba kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, maana utaratibu wa msamaha kwa wasiojiweza upo, ingawa hawautangazi kwa vipaza sauti.

Na wewe konda unayejinyima maji toka asubuhi kwa kuogopa kukojoa njiani, wewe fundi unayeshinda juani, jiwe linakutafuta. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanaume, nasi jua letu la Dar halina huruma. Kunywa maji mpaka mkojo uwe mweupe. Punguza chumvi kwenye chipsi na nyama. Kamulia ndimu au limau kwenye maji yako. Maziwa usiyaache, si adui kama wanavyodai. Na bia si dawa ya mawe, hata kama mhudumu wa baa anakuapia.

Mwisho wa yote, usione aibu. Wengi wetu tunakaa na maumivu kwa kuogopa kuitwa wahuni, wao wanakaa na fedha zetu bila kuogopa kuitwa lolote. Kipindi cha kampeni mgombea akija mtaani kwenu na fulana na kofia, muulize mbele ya watu: hospitali yetu ina daktari wa njia ya mkojo? Mashine ya kipimo inafanya kazi? Foleni ni ya siku ngapi? Akikujibu kwa wimbo na ngoma, umeshajua wa kumnyima.

Jiwe liliumbwa na mwili wangu, hilo sina wa kumlaumu. Ile foleni iliumbwa na watu, na watu hao tunawajua kwa majina. Alamsiki.