Aliyeachwa Hajafa



Tumesoma kitabu cha mapenzi na maajabu ambacho vijana hupeana mkono kwa mkono, na ambacho wazazi wengi hukikataza bila kukifungua. Kwa Kiingereza chaitwa New Moon. Kwa Kifaransa chaitwa Tentation. Mwandishi wake ni mama mmoja wa Marekani, Stephenie Meyer. Kilitoka mwaka 2006, nacho ni cha pili katika mfululizo wa vitabu vinne ulioanza mwaka 2005 na kutimizwa mwaka 2008. Vitabu hivyo vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 100 ulimwenguni, na mwaka 2009 hiki cha pili kikafanywa sinema. Neno linalosomwa na watu wengi namna hiyo si neno dogo. Ndiyo sababu twataka kulijibu.

Kwanza tueleze habari yenyewe, ili asiyekisoma asipotee njiani. Katika mji mdogo wa Forks, jimbo la Washington, penye mvua nyingi na misitu mikubwa, alikaa msichana Bella pamoja na baba yake Charlie, mkubwa wa polisi wa mji ule. Bella alimpenda Edward, kijana wa sura nzuri, ambaye kwa kweli si mtu kama sisi, bali ni mnyonya damu asiyezeeka. Edward na jamaa yake walijikataza damu ya watu, wakawinda wanyama tu. Siku Bella alipotimiza miaka 18, alijikata kidole kwa karatasi ya zawadi. Damu kidogo ikatoka, na mmoja wa jamaa ya Edward akamrukia kama chui. Siku chache baadaye Edward akamwongoza msituni, akamwambia kwamba hamtaki tena, akaondoka. Huo ulikuwa uongo. Alimpenda bado, lakini aliamua peke yake kwamba kumwacha ndiko kumlinda.

Tangu siku hiyo Bella akawa kama mfu. Mwandishi ameacha kurasa karibu tupu, zenye majina ya miezi tu: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Baadaye msichana akagundua kwamba kila ajitiapo hatarini husikia sauti ya Edward. Basi akaitafuta hatari kama mlevi atafutavyo pombe. Akapanda pikipiki kuukuu, akajirusha baharini kutoka juu ya mwamba mrefu. Edward akapata habari isiyo kweli kwamba Bella amekufa, akaenda Volterra, katika Italia, akitaka auawe na wakubwa wa wanyonya damu. Bella akapanda ndege, akamfikia dakika ya mwisho, akamwokoa. Wakarudi Forks pamoja, wakazungumza habari za ndoa.

Wengi wamekilaumu kitabu hiki kwa sababu ya wanyonya damu. Hata Roma, sinema ilipotoka mwaka 2009, mkubwa mmoja wa Baraza la Kipapa la Utamaduni aliilaumu kwa mambo yake ya giza na ya uchawi. Twamheshimu, wala hatupendi mchezo na mambo ya giza. Lakini twathubutu kusema kwamba ubaya mkubwa zaidi wa habari hii hauko pale. Babu zetu walisimulia mazimwi kando ya moto, na hakuna mtoto aliyegeuka zimwi kwa kuyasikia. Wazee wa Katanga walisimulia batumbula, wakamataji wa watu usiku, na watoto wao wakakua wakawa baba na mama wema. Mtoto ajua kwamba zimwi ni zimwi. Hatari ni lile jambo ambalo msomaji halijui kuwa zimwi, kwa maana limevaa nguo ya upendo.

Jambo hilo ndilo hili: kitabu chasema kwamba mwanamke akiachwa na mwanamume, uhai wake wakoma, na mwanamume akirudi, uhai warudi naye. Hapo ndipo tunapopinga, wala hatutapunguza neno.

Tusidhulumu. Zile kurasa tupu zina kweli ndani yake. Aliyeachwa zijua siku zisizo na jina, chakula kisicho na ladha, usiku usioisha. Mwandishi aliyeionyesha huzuni hiyo kwa kutoandika neno ameionyesha vizuri. Lakini kuionyesha huzuni ni jambo moja, kuipa taji ni jambo lingine. Msichana amejirusha baharini. Matokeo yake ni nini? Mpenzi wake amerudi! Twajua, Bella mwenyewe asema hakutaka kufa, alitaka kuisikia sauti tu. Lakini msomaji wa miaka 15, aliyeachwa jana, atashika somo gani? Atashika kwamba ukijihatarisha sana, yule aliyekuacha atajua thamani yako. Uongo mtupu! Katika kitabu, Jacob aliruka majini akamtoa msichana. Katika Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika hakuna mwandishi wa kumtuma Jacob.

Tena tumtazame Edward. Alisema uongo, aliamua peke yake mambo ya watu wawili, alimwacha msichana katikati ya msitu hata watu wakatoka usiku kumtafuta. Alipofikiri amekufa, hakwenda kumlilia pamoja na baba yake. Alikwenda kutafuta kifo chake mwenyewe. Je, aliporudi aliulizwa na Bella kulipa hata siku moja ya miezi ile? La. Charlie alimkasirikia na kutaka binti yake asimwone tena. Na binti akamjibu nini? Kwamba basi, yeye atahama nyumba.

Wenye kukitetea kitabu wana majibu yao, nasi hatuyakimbii.

Wa kwanza wasema: “Angalau vijana hawa wawili wajitunza mpaka ndoa.” Ni kweli kwamba Edward ataka ndoa kwanza, nasi twausifu usafi. Lakini usafi wa mwili si upendo wote. Mwanamume aweza kutomgusa msichana, na bado akamshika moyo wote kama mfungwa. Kwenda kwenye ndoa ni kwenda kwa hiari. Je, aseme nini mbele ya altare yule asemaye, “Bila huyu mimi si kitu”? Hatoi nafsi yake kwa mwenzake, kwa maana hana nafsi ya kutoa. Na amri ya kwanza, tunayowafundisha watoto wa katekisimu, yatukataza kumfanya kiumbe kuwa mungu, hata awe na sura nzuri namna gani.

Wa pili wasema: “Ni upendo mkubwa kama ule wa Romeo na Juliet.” Mwandishi mwenyewe ameweka maneno ya mchezo huo wa Shakespeare mwanzoni mwa kitabu chake. Lakini ni maneno ya nani? Si ya Romeo, wala ya Juliet. Ni ya mtawa, Padri Laurence, anayemwonya kijana kwamba mapenzi yawakayo kwa ghafula na kwa ukali huishia vibaya. Jambo la ajabu! Mwandishi amesimamisha padri mlangoni pa nyumba, awaonye waingiao, na ndani ya nyumba hakuna amsikilizaye. Shakespeare aliimaliza habari yake kaburini, jamaa mbili zikilia juu ya maiti za watoto wao, ili tuogope. Mama Meyer ameimaliza yake kwa habari za ndoa, ili tutamani. Mwenye kutaja Romeo na Juliet, asiwasahau wale wazazi wawili kaburini.

Wa tatu wasema: “Ni hadithi tu.” Neno hili hatulikubali hata kidogo. Sisi watu wa hadithi twajua kwamba hadithi haikuwa “tu” kamwe. Wazee walipotaka kumfundisha mtoto ulafi ni nini, hawakumpa hotuba, walimpa fisi. Hadithi huingia mahali ambapo hotuba hugonga bila kufunguliwa. Ndiyo maana hii nayo yastahili kuulizwa: wewe wapeleka wapi watoto wetu?

Sasa tuseme neno ambalo, kwa maoni yetu, wasomaji wengi wamelipita bila kuliona. Upendo uko katika kitabu hiki, tena upendo mkubwa. Lakini hauko mahali mwandishi anapoelekeza kidole. Uko nyumbani kwa Charlie. Huyu baba hana maneno mazuri, wala hajui kupika. Binti yake alipopotea msituni, aliwaita watu wamtafute. Usiku baada ya usiku aliamshwa na vilio vya binti akiota ndoto mbaya. Alipoona miezi yapita bila nafuu, alitaka kumpeleka kwa mama yake, ingawa yeye mwenyewe angebaki peke yake. Huyu hakusema, “Bila wewe nitakufa.” Alikaa. Na Jacob, kijana wa watu wa Quileute wa La Push, alikaa naye akitengeneza zile pikipiki, na kwa kazi ile ya mikono msichana alianza kucheka tena. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa kipimo hiki, tuambieni, nani alimpenda Bella katika miezi ile minne? Yule aliyekuwa mbali kwa sababu ya fikira zake mwenyewe, au yule baba aliyekosa usingizi?

Enyi wazazi, msikichome moto kitabu hiki. Kitabu kilichochomwa hutafutwa mara mbili. Kisomeni, kisha mwulizeni binti yenu maswali matatu: Nani alisema kweli? Nani alikaa? Na Bella alikuwa nani kabla Edward hajaja? Mtaona kwamba akili yake yatosha kujibu. Na mwana mwanamume naye aulizwe, kwa maana kitabu hiki chamdanganya hata yeye: chamwonyesha kwamba kuficha kweli na kuondoka bila shauri ni ushujaa. Si ushujaa. Mwanaume ampendaye msichana humwambia kweli, hata kama kweli hiyo ni kwaheri.

Nawe, binti yetu uliyeachwa, ambaye labda wasoma ukurasa huu kwa macho mekundu, hatukuambii kwamba si kitu. Ni kitu, tena chauma. Lia. Lakini Oktoba yako si ukurasa mtupu. Katika Oktoba hiyo mama yako alikutekea maji ya kuoga, mdogo wako alikuomba umsomee barua, shamba lilikungoja, rafiki yako alikuja akakaa mlangoni bila kusema neno. Yaandike hayo kwenye ukurasa wako. Na usiku ukizidi uzito, usiende peke yako kandokando ya maji, mwamshe mtu. Aliyekuacha amekwenda na miguu yake tu. Uhai wako haukuwa mfukoni mwake.