Mwuza Nyama Asiwe Mkaguzi wa Nyama Yake

Msomaji, ukinunua nyama, unaangalia nini? Unatazama rangi, unanusa, unabonyeza kwa kidole. Ni vizuri. Lakini hukumwona mnyama yule alipokuwa hai. Hujui kama alikuwa na homa, au kama ini lake lilikuwa na vidonda, au kama matumbo yalipasuka na kinyesi kikamwagika juu ya nyama. Mtu mwingine alipaswa kuona mambo hayo kwa ajili yako. Ni nani mtu huyo, na nani anamlipa?

Tutazame Marekani, maana huko wamejaribu njia mbili, na hesabu zao zimeandikwa. Mwaka 1906 Upton Sinclair alitoa kitabu juu ya viwanda vya nyama vya Chicago, na watu wakachukizwa sana. Tarehe 30 Juni ya mwaka ule ule, Rais Theodore Roosevelt alitia sahihi sheria: mkaguzi wa serikali amwangalie mnyama mbele ya kuchinjwa, tena aangalie nyama yake nyuma ya kuchinjwa. Nyama isiyokaguliwa isiuzwe kutoka jimbo moja kwenda jingine.

Mwisho wa miaka ya 1990 serikali ile ikaanza kujaribu njia nyingine katika viwanda vitano vya kuchinja nguruwe. Wafanyakazi wa kiwanda wenyewe waliwatenga wanyama wabaya na kukata sehemu zenye ugonjwa, halafu mkaguzi akaangalia kile kilichobaki. Je, ilikuwaje? Mwaka 2013 wachunguzi wa hesabu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walitoa habari. Viwanda vya nguruwe vilikuwa zaidi ya 600. Katika vile kumi vilivyoandikiwa makosa mengi kuliko vyote tangu 2008 hata 2011, vitatu vilikuwa vya jaribio hili, na kimoja chao kilikuwa cha kwanza kwa makosa. Walisema tena kwamba wizara haikupima vizuri kama njia hii ilileta usalama, na jaribio lilikuwa limepita miaka 15!

Unafikiri waliacha? Hapana. Mwaka 2019 njia hii ikawa kanuni kwa kila kiwanda cha nguruwe kilichoitaka. Wakaguzi wa serikali kwenye mstari wa kazi, waliofika saba zamani, sasa wasipite watatu. Zamani kulikuwa na mpaka wa nguruwe 1,106 kwa saa moja, ndiyo kusema mmoja kwa kila sekunde tatu na kidogo. Mpaka huo nao ukaondolewa. Mwezi wa Machi 2021 korti la Minnesota lilikataa neno hili la mwendo, kwa sababu wizara haikufikiri juu ya wafanyakazi wanaojeruhiwa. Lakini wafanyakazi kuchagua nyama mbele ya mkaguzi, korti halikukataa.

Wenye viwanda wana neno moja la kweli, nami sitalificha. Macho hayaoni vidudu. Nyama yenye salmonella inaweza kuwa na rangi nzuri kabisa. Kwa hiyo wanasema, afadhali kiwanda kipime vidudu kwa vyombo vya maabara. Ndiyo, kipime! Lakini majibu yawe mikononi mwa nani?

Angalia Kanada mwaka 2008. Kiwanda cha Maple Leaf Foods mjini Toronto kilipima mashini zake, kikakuta vidudu vya jamii ya listeria mara kwa mara. Kanuni za wakati ule hazikukilazimisha kumwambia mkaguzi, nacho hakikumwambia. Listeria inakua hata katika baridi ya frigo. Nyama zile zilikatwa vipande vyembamba, na watu walizila bila kuzipika tena. Watu 22 walikufa. Wengi wao walikuwa wazee, na wengi walikula nyama ile hospitalini au katika nyumba za kutunza wazee, yaani waliletewa na watu waliotaka wapone.

Sisemi kwamba wauza nyama ni watu wabaya. Nasema hivi: mfanyakazi akisimamisha mstari, bwana wake anapoteza feza kila dakika, na bwana huyo ndiye anayemlipa. Mkaguzi wa serikali hapotezi kitu nyama ikitupwa. Labda utaniambia kwamba mkaguzi wa serikali naye anaweza kupokea kitu kidogo chini ya meza. Ni kweli, tunawajua. Lakini hilo ni kosa, na kuna sheria ya kumhukumu. Mwuzaji akiwa mkaguzi, hakuna haja ya kitu kidogo.

Kiwanda kisafishe, kipime, kichague. Ni kazi yake. Lakini jicho la mwisho liwe la mtu mwingine, na kila jibu la maabara limfikie siku ile ile.

Wewe nyumbani, ipike nyama yako mpaka ndani isibaki nyekundu, zaidi sana nyama ya kusaga. Moto unaua salmonella na listeria. Lakini kuna sumu za vidudu ambazo moto hauziharibu, na wale wagonjwa wa Kanada hawakuwa na sufuria kitandani.