Ukipiga picha jahazi, zunguka tezini

Ami yangu alituachia picha moja ya jahazi. Pembe moja imeliwa na wadudu, lakini lililobaki linaonekana vizuri: tanga limekunjwa kwenye foromali, boriti zimepangwa hadi kuupita ukingo, na baharia mmoja amekaa juu yake, miguu yaning'inia. Omo iko wazi, na jicho lake la duara linamkabili mpiga picha. Tezi, yaani upande wa nyuma, haimo pichani, na jina la chombo liliandikwa huko.

Nimeizungusha Chundwa nzima, hapa kisiwani Pate. Mzee wa kwanza alisema ni jahazi la Kizingitini. Wa pili akaapa ni la Siyu. Wa tatu aliishika kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona hukumuuliza ami yako yu hai?" Sikuwa na jibu. Nakisia ni picha ya kabla ya 1982, mwaka serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti ng'ambo, kwani shehena kubwa vile ilikuwa ya safari ya Uarabuni.

Huko Ziwa Tanganyika kuna meli iitwayo Liemba. Anayeipiga picha anajua anachokipiga: iliundwa Ujerumani 1913, ikazinduliwa Kigoma 1915, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa, kisha ikarudi kazini 1927. Meli moja ya ziwani ina maisha yake yote kwenye maandishi. Majahazi yaliyowalisha babu zetu hayakutuachia hata majina.

Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lifunguliwe Mei 2021, boti yetu ikielekea mkondo wa Mkanda, vijana huinua simu kutafuta meli za makontena. Si vibaya, hata mimi huzipiga. Lakini meli ile ina nambari yake ya kudumu, na miaka hamsini ijayo atakayeitafuta ataipata. Jahazi linaloshusha saruji Mtangawanda asubuhi hii halina daftari isipokuwa sisi.

Basi ukishapiga omo, zunguka tezini usome jina. Muulize nahodha ametoka wapi, amepakia nini, fundi gani aliliunda. Andika pamoja na tarehe. Nanyi wenye picha za zamani, zitoeni sandukuni wiki hii mkawaonyeshe wazee. Kati ya wale watatu niliowauliza, mmoja tumeshamzika.