Fundi wa pampu naye avishwe medali

Mashindano ya dunia ya baiskeli yalipokuja Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kufanyika Afrika, sisi wa Nyamirambo tulijipanga barabarani tangu asubuhi. Tadej Pogačar alivishwa dhahabu baada ya kilomita zaidi ya 260 za vilima. Alistahili, nami nilipiga makofi.

Vilima hivyohivyo hupandwa na maji kila siku. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka Nzove, kando ya mto Nyabarongo, na bila pampu yasingefika kwetu huku juu. Nafundisha ufundi mitambo, kwa hiyo kazi hii naijua. Fundi hugusisha ncha ya bisibisi kwenye kasha la beringi, akaegemeza sikio kwenye mpini, akasikiliza. Mlio ukianza kukwaruza, anazima mtambo kabla haujajiharibu. Akifanya kazi vizuri hakuna kinachotokea, basi nani atamjua?

Wanyarwanda si wageni wa medali. Mwaka 2009 Nyerere, Museveni na Meles Zenawi walitunukiwa Uruti, medali yetu ya ukombozi. Mwaka 2023 wanafunzi wa Afrika walikuja hapa Kigali kushindania medali za hisabati. Vijana wanavishwa, viongozi wanavishwa. Mhandisi anangoja aonwe na watu wa mbali. Brian Gitta wa Uganda na wenzake walibuni Matibabu, kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu. Aliyemtuza mwaka 2018, kwa paundi 25,000, ni Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Tunawashukuru. Lakini tuzo ya uvumbuzi hutafuta kitu kipya, na pampu iliyotunzwa ikadumu miaka ishirini si kitu kipya.

Naliomba Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia likae na Taasisi ya Wahandisi wa Rwanda, watoe medali ya utunzaji kila mwaka. Ivishwe uwanjani mbele ya watu, si hotelini kwenye chakula cha jioni (huko tutaalikwa na nani?). Na majaji waandike gazetini kwa nini wamemchagua huyo na si mwingine, ili sisi wa karakana tubishane nao.

Wakikosa pa kuanzia, waende Nzove wakaulize zamu ya usiku.