Nani atachangia meno ya bibi?

Katika kwaya yetu kulikuwa na mama mmoja mzee wa sauti ya pili. Ghafla akaacha kuja mazoezini. Wengine tukasema amepoa kiroho, wengine tukasema amegombana na mwalimu wa kwaya. Tulipomtembelea, alitujibu huku amefunika mdomo kwa ncha ya kanga. Meno ya mbele yalikuwa yameng’oka. Akiimba, maneno yalitoka na upepo. Nyama na mahindi alikwisha kuviacha.

Tukamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, “Wanangu, ninyi mnachangia harusi na misiba. Nani atachangia meno ya bibi kizee?”

Tulinyamaza, kwa sababu alisema kweli. Kadi ya harusi haitupiti, lakini meno tunayaona kuwa urembo. Kumbe meno ni chakula, ni sauti, ni ujasiri wa kucheka mbele ya watu.

Soma tena Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Angalia ni nani aliyelalamika: si wajane wenyewe, bali ndugu zao. Nao mitume hawakuwaambia wavumilie; waliagiza wachaguliwe watu 7 wa kuisimamia kazi hiyo.

Basi nawe msemee mwenzako. Msindikize kwenye kliniki ya kinywa na meno katika hospitali ya serikali, mpewe makadirio ya gharama kwa maandishi. Kama ana bima, ulizeni mapema kama inalipia meno bandia. Kama hana uwezo, mwoneni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ndiye anayepima nani anastahili msamaha wa gharama. Kinachobaki, jumuiya ichange. Hesabuni na nauli, maana meno bandia hayakamiliki kwa siku moja: daktari huchukua vipimo vya kinywa, huyajaribisha, kisha huyarekebisha yakiumiza fizi.

Lakini tafadhali, jina lake lisitangazwe madhabahuni. Mhazini alipe hospitali moja kwa moja, basi. Msaada unaomwaibisha mtu humwongezea jeraha. Bwana wetu alitufundisha kutoa kwa siri, na hapa tunaona sababu yake.

Sisi tulichanga watu wachache, kimyakimya. Mama yule amerudi kwenye safu yake. Bado baadhi ya maneno yanampa shida, lakini anaimba, na kanga sasa iko mabegani.

Leo ibada ikiisha, usikimbilie nyumbani. Mtazame anayecheka huku amefunika mdomo, na yule anayesema ameshiba kabla ya sahani kufika. Usingoje akuombe. Mwulize, tena mkiwa wawili tu.