MARA: Chumba cha bei nafuu chaweza kuwa ghali

Mfanyabiashara anayefika Mara kwa mara ya kwanza hukimbilia kulala Musoma kwa kuwa ndiyo makao makuu ya mkoa. Hata hivyo, bei ya chumba peke yake haitoshi kupima gharama. Nauli na saa zinazopotea njiani nazo zihesabiwe.

Mnunuzi wa samaki na dagaa anafaidika kulala Musoma mjini, karibu na mwalo wa Mwigobero. Akichukua chumba Bweri kwa sababu tu basi limemshusha stendi, atalipa usafiri kila alfajiri.

Anayetoka Mwanza kwenda Ukerewe kupitia Kisorya, au Serengeti kupitia lango la Ndabaka, alale Bunda. Kwake kupitiliza hadi Musoma ni kulipa nauli ya kwenda na ya kurudi bila faida.

Hasara kubwa iko Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na kuzikwa mwaka 1999. Mgeni anayetazama kaburi na makumbusho mchana, kisha akarudi kulala Musoma, huondoka na fedha ya kitanda, chakula cha jioni na chai ya asubuhi. Wenye nyumba za wageni Butiama wasikimbilie kushusha bei. Kwanza wahakikishe maji, taa na shuka safi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni asiyelala hamponyi mwenyeji.