Kisu cha Jirani

Mfanyakazi wa mjini arudipo likizo Murungu, Kibondo, kumwoza mdogo wake, hujiuliza: mbuzi huyu nani amchinje?

Zamani Waha waliishi mbalimbali, kila mlango na shamba lake. Operesheni Kigoma ya 1972 iliwakusanya vijijini, Mkristo na Mwislamu wakapakana nyua. Desturi iliyoenea nchini ni kumwachia Mwislamu kisu, ili wote wale chungu kimoja.

Tusiidharau desturi hiyo. Februari 2013, huko Buseresere, Geita, mzozo wa kuchinja ulimgharimu mchungaji maisha yake.

Mkristo achinjaye kitoweo cha nyumbani mwake hana kosa. Lakini amwalikapo jirani Mwislamu, kumwita achinje ndiko kumkaribisha; kumwalika mtu kwenye chakula asichoweza kula ni kumfukuza kwa maneno matamu. Naye Mwislamu aitwaye asidhani amepewa mamlaka juu ya wenzake: amepewa heshima, airudishe kwa heshima.

Kisu hicho hakimbadilishi mtu dini. Humwezesha jirani kunawa mikono na kuketi.